Damu ya Mama Mkwe kwa Jina Langu

Mimi? Mimi mzima, shangazi, mzima kabisa, hata mafua sina. Yule binti wa gazeti lenu aliponiuliza kwenye simu "kaka, mgonjwa wako ni nani?" nikashindwa kumjibu maana jibu lilikuwa refu kuliko salio langu, akaniambia andika, basi naandika: kwenye simu mgonjwa ni mimi, kwenye kiti mgonjwa ni mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe hajui kama anaumwa, anajua mimi ni daktari. Naomba msaada, shangazi mpendwa, na naomba barua hii uisome ukiwa umekaa.

Mimi shule niliachia darasa la nne, mwalimu alinichoka kabla mimi sijamchoka, kwa hiyo ukiona nukta hazipo ziweke mwenyewe. Nina kibanda chini ya ngazi za jengo la maduka, upande wa choo cha kulipia, nauza vocha, kava za simu, chaji, betri, sabuni ya kipande na sukari ya kupima, watu wananiita Dokta Kava kwa sababu ya kava, sio kwa sababu ya udokta, huo ulikuja baadaye na ndio ulionifikisha kwako. Sheria yangu ya biashara ni moja, mtu akiniuliza kama nina kitu nasema ninacho, halafu ndio naanza kukitafuta.

Sasa siku moja ikaingia meseji, "Karibu kwenye Mpango wa Afya Kiganjani. Je, una sukari? Jibu 1 kama NDIYO, 2 kama HAPANA." Siku hiyo nilikuwa nimeshusha gunia zima, shangazi, hata kamba sijafungua, nikabonyeza moja. Simu ikajibu, "Pole sana. Hauko peke yako." Nikasema pole ya nini tena, na kama siko peke yangu basi yule jamaa wa ghorofa ya pili naye ameshusha mzigo, anataka kuniharibia bei. Ikauliza umekuwa nayo kwa muda gani, 1 chini ya mwaka, 2 zaidi ya mwaka, nikabonyeza moja, tangu asubuhi si ni chini ya mwaka? Haikupita saa, akanipigia dada mmoja mwenye sauti ya upole.

"Kaka habari, mimi ni nesi wa mpango. Umetujibu kwamba una sukari."

"Ipo dada, karibu sana."

"Kwa sasa iko juu?"

"Iko juu ya rafu. Nikupimie?"

"Kumbe kipimo unacho hapo?"

"Ninacho dada, tena kilikaguliwa juzi tu, hakiibi hata gramu."

"Kaka, nazungumzia sukari ya kwenye damu. Ugonjwa. Kama huna nikuondoe kwenye orodha, maana mashine za kupimia ni chache, na vile vifurushi vya intaneti vya kila wiki tunawapa wanaotuma majibu tu."

"Vifurushi gani, dada?"

"Vya intaneti. Bure."

"Dada nilikuwa nakutania," nikamwambia. "Hiyo ya kwenye damu ndiyo hasa niliyonayo."

Mashine ikaja kwenye kiboksi, na vijiti vyake, na visindano, na karatasi ya maelekezo ambayo nilifungia sabuni. Nikajitoboa kidole, mashine ikaandika tano nukta moja. Kesho yake hivyohivyo. Keshokutwa hivyohivyo. Meseji ikaja, "Hongera! Majibu yako ni mazuri. Yakiendelea hivi kwa wiki tatu tutakutoa kwenye mpango ili tumsaidie mwingine." Hongera gani hiyo ya kumnyang'anya mtu kifurushi? Nikaanza kuangalia vidole vya watu.

Ndani kwangu tuko watatu, mimi, mke wangu, na mama yake. Mama mkwe alikuja kutusalimia kabla ya mvua za mwaka jana, na salamu bado hazijaisha. Usinielewe vibaya, namheshimu, mkwe ni mkwe, akiwa amekaa sebuleni mimi napita nimebana ukuta, na nikicheka nacheka nje. Lakini kimoyomoyo namwita Meneja. Miaka sita ya ndoa, shangazi, miaka sita anamuuliza binti yake swali lilelile na mimi nikiwa palepale na sahani mkononi, "Hivi huyu mwenzako, kazi yake hasa ni nini?" Hasa! Hilo neno hasa ndilo linaloniua.

Nikamwendea asubuhi nimekunja mikono. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, naomba kidole."

"Cha nini?"

"Ni kazi mpya, mama. Nasomea udaktari wa simu."

"Wa kutibu simu?"

"Wa kutibu watu, mama. Kwa simu."

Akanitazama vile anavyotazamaga noti ninayompa, akiinyanyua kwenye mwanga. Halafu akanyoosha mkono, akatoa kidole cha mwisho. "Toboa hicho. Hata ukikiharibu, kazi zake si nyingi."

Kumi na tatu nukta nane! Nilitaka kuruka, nikakumbuka niko mbele ya mkwe. Akaniuliza, "Vipi?" Nikasema, "Safi mama." Nikatuma. Nesi akanipigia kabla sijafika kibandani. "Kaka, hii iko juu sana, jana ulikula nini?" Nikamwambia, "Ngoja nikamuulize," nikashtuka, nikasema, "Ngoja nijiulize, dada."

Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi, sindano mpya kila siku, kurudia ya jana sijafikia huko, mimi si mshenzi. Mara wakataka na upana wa kiuno. Hapo shangazi ndipo uongo wangu ulipogonga ukuta, mtu huwezi kumzungusha mama mkwe futi kiunoni ukabaki na ndoa, nikapima cha kwangu nikatuma. Nesi akasema katika wagonjwa wake wote hajaona mtu mwenye kiuno cha fundi baiskeli na damu kama hiyo.

Halafu wakatangaza shindano, Mshiriki Bora, atakayeshusha namba zake vizuri kuliko wote atapewa simu mpya ya kioo kikubwa. Mimi kazi yangu ni simu, niache? Nikageuka mtu mwingine. Zile meseji zao za ushauri nikawa namsomea Meneja kama zinatoka kichwani kwangu, "Mama, mboga ijae nusu sahani," "Mama, tembea nusu saa," namtuma sabuni kibandani kwangu, akifika nasema imeisha, jaribu duka la kule mbele, na sabuni ninazo katoni nzima nyuma ya mgongo. Sukari ya chai nilimpunguzia mwenyewe, vijiko vinne, vitatu na nusu, vitatu, kila siku nachota kidogo kwenye kopo lake. Nauza sukari mchana, asubuhi naiba sukari ya mkwe wangu. Na namba zikashuka kweli! Kumi na moja, tisa, nane nukta nne. Nesi akanisifu. Nikashika nafasi ya pili.

Lakini kilichonimaliza sio nafasi ya pili. Kilichonimaliza ni Meneja. Nilimsikia akimwambia jirani dirishani, "Mkwe wangu ni daktari, ananipima kila siku, bila foleni." Nikiingia anasema, "Mpisheni daktari." Napishwa na nani, tuko watatu, lakini anasema. Nyama ananiwekea kwanza mimi. Lile swali la kazi yake hasa ni nini limekufa, shangazi, miezi minne sijalisikia, nimelala usingizi wa mtu mwenye cheo.

Sasa tatizo. Kwa sababu kila asubuhi nasema safi mama, mama akaamua yuko safi. Juzi nimemkuta kwa jirani na soda, chupa ya pili, nikataka kupiga kelele nikakumbuka mimi ndiye niliyempa ruhusa. "Si daktari wangu kasema damu safi?" ananiambia, anacheka. Namba zikapanda kumi na mbili, kumi na tano, na Ijumaa, shangazi, kumi na saba nukta tisa. Nikasema safi mama. Na sasa amekuwa na vituko, jagi la maji analimaliza peke yake kabla ya saa nne, anagombana na sindano ya kushonea kwamba siku hizi wanazitengeneza bila tundu, na kuna kidonda kwenye kidole cha mguu, alijikwaa kizingitini wiki tatu zilizopita, hakifungi, anakifunga kitambaa anasema ni viatu.

Nesi ameniambia Jumatano niende kliniki daktari anione, nitaanzishiwa vidonge, nisichelewe. Nikimwambia mama ukweli, udaktari wangu umekwisha, na mke wangu sijui kama atabaki maana nimemtoboa mama yake miezi minne kwa ajili ya intaneti. Nisipomwambia, namwona anaisha nikiangalia. Kwa hiyo nimefikiria hivi, niende Jumatano, nichukue vile vidonge kwa jina langu, nisage, niwe namtilia kwenye chai ileile ninayoipunguzia sukari. Apone bila kujua aliumwa, na mimi nibaki daktari. Kuna ubaya gani hapo? Nijibu kabla ya Jumatano, shangazi. Mimi kijana wako, Dokta Kava.

*

SHANGAZI ANAJIBU

Dokta Kava, nimecheka tangu pale kwenye mizani ya sukari. Ulipofika kwenye kidonda nikaiweka barua chini nikanyanyua simu, ndiyo maana ulisikia sauti yangu jioni ileile na hukungoja gazeti. Wasomaji wetu nao wasikie niliyokuambia.

Unauliza kuna ubaya gani. Vidonge atakavyoandika daktari Jumatano vitapimwa kwa mwili ulio mbele yake, na mwili huo ni wako wewe, kijana mwenye kiuno cha fundi baiskeli. Mama ana umri wake, ana figo zake, ana kidonda chake. Utamsagia nini, na kiasi gani, kwa kijiko kipi, kile cha sukari? Dawa ya sukari ikizidi humwangusha mtu akiwa ameshika kikombe. Na kabla hujafika huko, kliniki watakutoboa wao wenyewe, watakuta tano nukta moja, watakurudisha nyumbani na hongera zako. Mama atabaki hana kidonge wala daktari, ana wewe.

Maji jagi zima, macho hayaoni tundu la sindano, kidonda wiki tatu hakifungi. Umeniandikia dalili tatu ukadhani ni vichekesho vitatu. Hiyo sukari inakula miguu ya watu, mwanangu. Kidole cha mguu huanza hivyohivyo, na kitambaa, na lawama kwa viatu.

Nakupa na haki yako, maana unayo. Ulimshusha mwanamke mzima kutoka kumi na tatu hadi nane kwa mboga, kwa matembezi na kwa kuiba vijiko vya sukari. Wapo watu wanalipwa mshahara na hawajafanya hivyo. Mpango ule wa simu ulifanya kazi vizuri kabisa kwa mtu asiyejua kwamba yumo. Kilichouvunja ni neno lako moja, safi. Ulilisema kila asubuhi ili ubaki na cheo, na yeye akaliamini akafungua soda.

Wewe unaogopa kupoteza heshima uliyoipata kwa udaktari wa bandia. Mwenzako anaweza kupoteza mguu. Pima hizo mbili kwa ile mizani yako isiyoiba hata gramu.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo, achana na Jumatano. Kwanza mwambie mke wako, nje, peke yenu, na akikufokea funga mdomo upokee. Yeye ndiye akae karibu na mama yake mtakapozungumza, maana habari ya mwili wa mama haisemwi na mkwe peke yake. Mbele ya mama usianze na kujieleza. Anza na namba: kumi na saba nukta tisa. Mwambie ni damu yake, mwambie ni mbaya, mwambie leo tunakwenda. Samahani zako zitakuja njiani.

Beba ile mashine. Ina kumbukumbu ndani, kila namba na tarehe yake, na daktari akiifungua ataona miezi minne ya mama yako mkwe imepangwa vizuri kuliko faili lolote. Hilo ndilo jambo la maana ulilofanya bila kukusudia, kalitumie. Mguu muoneshe daktari hata kama mama anakataa kuvua kiatu. Kisha mpigie yule nesi, mwambie jina lako litoke na la mama liingie, na hiyo simu ya kioo kikubwa uisahau. Ukitoka huko nitumie neno, zuri au baya.

*

Neno lake lilifika baada ya siku kumi na mbili. Nalichapa kama lilivyo.

Shangazi, nimefanya. Mke wangu nilimwambia nyuma ya nyumba, aliniita majina ambayo gazeti lako haliwezi kubeba, halafu akajifunga kanga kiunoni akasema twende. Mama alikuwa anachambua mboga. Nikakaa chini sakafuni, nikasema kumi na saba nukta tisa, nikasema mama ile damu haikuwa safi hata siku moja.

Akachambua majani mawili, matatu. Akasema, "Kwa hiyo wewe si daktari."

"Sio, mama."

"Na mimi nimeshawaambia wanawake wa mtaa mzima."

"Nisamehe, mama."

"Na sukari ya kwenye kopo langu, ulidhani sioni inapungua? Nilimwambia mwanangu, mumeo biashara imemshinda, ameanza kubana hadi kijiko." Hapo mke wangu akacheka akiwa analia, na Meneja akanyanyuka kutafuta viatu, akasema kama ni kwenda twende kabla jua halijawa kali.

Kliniki wamemlaza siku tano. Kidole cha mguu kimewahiwa, daktari alisema tungekuja wiki mbili baadaye asingesema hivyo. Anatumia vidonge vyake kwa jina lake. Ile mashine daktari aliifungua akasoma namba zote, akaniuliza nani alikuwa anapima hivi kila siku saa moja kamili, nikanyoosha mkono, mama akasema, "Huyo. Ni mwizi lakini hachelewi."

Meneja haniiti daktari tena. Nyama ananiwekea mwisho. Lakini kila asubuhi ananiletea kidole, halafu namba hanisubiri niseme, anamwita mwanawe aje asome kwa sauti, jana ilikuwa tisa nukta mbili. Nesi wa simu siku hizi wanaongea yeye na Meneja nusu saa nzima, na mimi wamenitumia meseji, "Hongera! Huna sukari. Umeondolewa."

Sasa wewe msomaji unayenicheka, ndio wewe, umeshika simu yenye kioo kilichopasuka nakuona. Tufanye biashara. Wiki hii nenda kapime sukari, popote wanapopima, halafu njoo kibandani kwangu chini ya ngazi na karatasi ya majibu. Namba ikiwa nzuri nakubandikia kioo kipya cha juu, bure. Ikiwa mbaya nakubandikia bure vilevile, nafunga kibanda, na natembea na wewe mpaka kliniki, njia naijua. Sharti langu ni moja tu, kidole kiwe chako.